Vipima gesi vya migodi ya zamani: kipi cha kununua Uganda, na kwa nini nauliza tarehe kabla ya bei

Malalamiko yanayonifikia kutoka kwa wachimbaji wa Busia na Kasese siku hizi yanafanana. Mtu amenunua kipima gesi Kampala, boksi limefungwa, plastiki haijaguswa, na baada ya miezi michache kinalia mchana kutwa kikidai oksijeni imeshuka hadi asilimia 17. Kinalia shimoni, kinalia sokoni, kinalia juu ya boda. Mwenyewe amechoka, amekizima, na sasa anashuka kwa kutegemea pua. Msomaji mmoja aliniuliza kama ameuziwa feki. Kwa maelezo aliyonitumia, si feki. Ni mashine halali iliyozeekea rafuni.

Kwa hiyo leo sizungumzii uzito, rangi wala ukali wa king'ora. Vyote vinalia. Nazungumzia umri wa kihisi, jambo ambalo muuzaji hataligusa usipomuuliza.

Ndani ya mashine hizi, gesi husomwa na vihisi vidogo vya kikemikali. Kile cha oksijeni cha muundo wa zamani kina madini ya risasi ambayo huanza kuliwa tangu kinapotengenezwa. Uwe umekivaa kifuani au kimekaa kwenye boksi, maisha yake ni kama miaka 2. Kikichoka husoma chini ya kiwango cha kweli cha hewa safi, asilimia 20.9, na mashine hupiga kelele, kwa sababu king'ora huwa kimewekwa asilimia 19.5. Hiyo ni kero, lakini angalau unajua kuna tatizo.

Cha kuogopa zaidi ni kihisi cha kaboni monoksaidi. Kwenye hewa safi husoma sifuri. Kikifa, husoma sifuri vilevile. Hakuna macho ya mtu yatakayoona tofauti kwenye kioo. Na hiyo ndiyo gesi inayotuua huku kwetu, maana wachimbaji wanashusha pampu za petroli kwenye mashimo ya zamani ili kutoa maji, na moshi wake unabaki chini kunakofanyiwa kazi. Haina harufu. Hata haidrojeni salfaidi, ile inayonuka yai bovu, ikifika sehemu 100 hivi kwa milioni huizima pua, kwa hiyo anayeshuka kwa kunusa hana kinga yoyote.

Njia ya kujua kama kihisi kiko hai ni moja: kukipulizia gesi yenye kiwango kinachojulikana, uone kama kitaitika. Ndiyo maana mimi sihesabu kipima gesi peke yake kuwa bidhaa kamili. Bidhaa ni mashine, mtungi wa gesi ya kipimo, rigyuleta (koki ya kupunguza msukumo wa gesi) na mpira wake. Muuzaji anayekuuzia mashine tupu amekuuzia nusu ya mali kwa bei ya mali nzima.

Sasa tuvipange.

Namba moja kwangu ni MSA Altair 4XR, na sitajifanya sina upendeleo. Kampuni hii ilianzishwa Marekani mwaka 1914 kwa ajili ya wachimba migodi hasa, na inaonekana. Inasoma oksijeni, gesi zinazowaka, kaboni monoksaidi na haidrojeni salfaidi. Vihisi vyake vimeundwa kudumu zaidi ya miaka 4, chaji inafika saa 24, na ukikaa sekunde 30 bila kusogea inaanza kulia ili wenzako wajue umeanguka. Kinachonifanya niipende kuliko zote ni ubahili wake wa gesi: hujaribiwa kwa robo lita kwa dakika, wakati nyingine nyingi zinataka nusu lita. Piga hesabu. Mtungi wa lita 58, ukitumia nusu dakika kila jaribio, unakupa majaribio zaidi ya 400. Kikundi cha wachimbaji kikichangia mtungi mmoja, kila mtu atajaribu yake kila asubuhi bila kuona uchungu.

Ina upungufu mmoja ambao lazima niuseme, na inaugawana na karibu mashine zote za gesi nne: haisomi kaboni dayoksaidi. Kwenye mgodi uliofungwa miaka mingi, mbao zinazooza hula oksijeni na kuacha gesi hiyo, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama kwenye mashimo na vichochoro vya chini. Watu hunijibu kwamba oksijeni ikipungua king'ora kitalia. Kitalia, lakini kwa kuchelewa. Kaboni dayoksaidi ikiingia na kuisukuma hewa tu, inabidi ifike karibu asilimia 7 ndipo oksijeni ishuke hadi 19.5, na asilimia 4 tayari inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kwa hiyo kama unakwenda kwenye migodi ya aina ya Kilembe, ambayo uchimbaji wake wa shaba ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980 na miamba yake ya salfaidi nayo hula oksijeni, jikaze uchukue Altair 5X yenye kihisi cha kaboni dayoksaidi na pampu ya ndani. Ni ghali. Ruhusa ya mwenye leseni na mwenzako wa kubaki nje navyo ni vya lazima, mashine iwe nzuri vipi.

Namba mbili ni Dräger ya Ujerumani. X-am 2500 ni mashine imara, na kihisi chake cha oksijeni kinaishi muda mrefu. X-am 5600 inaweza kusoma kaboni dayoksaidi. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya kupenda kwangu tu, na kwa sababu waliopata yao hunilalamikia kusubiri vipuri.

Namba tatu ni Honeywell BW. MicroClip ni ndogo, rahisi, fundi wengi wanaijua. BW Clip4 ndiyo nawatahadharisha nayo, si kwa ubaya bali kwa tabia yake: ukishaiwasha inahesabu miaka 2 bila kuzimwa wala kuchajiwa, kisha imekwisha. Kwa anayeshuka kila siku ni sawa kabisa. Kwa anayeingia mgodini mara moja moja, unalipia miezi ambayo imening'inia ukutani. Na usikubali hata kidogo iliyokwisha kuwashwa.

Vile vya bei poa vya mtandaoni, vya gesi nne kwa bei ya simu ndogo: kama hakuna tarehe ya kihisi, hakuna kihisi cha kubadilisha na hakuna maelekezo ya gesi ya kipimo, pita.

Na king'ora cha nyumbani cha kaboni monoksaidi si kipima gesi cha mgodi. Vinavyofuata kanuni ya Ulaya vimeundwa visubiri: kwenye sehemu 50 kwa milioni havilii mpaka ipite saa nzima au zaidi. Mashine ya mgodini kwa kawaida hulia palepale kwenye 35.

Kuitunza hakuna mengi. Iwashe kwenye hewa safi, mbali na mdomo wa mgodi. Ukiisawazisha mlangoni penye hewa mbovu, itaichukua hiyo mbovu kuwa ndiyo 20.9 na itakudanganya siku nzima. Ijaribu kwa gesi kabla ya kila siku ya kazi, na ifanyie kalibresheni kamili, yaani kurekebisha usomaji wake ulingane na gesi ya kipimo, kila miezi 6 au kama kitabu chake kinavyosema. Usiiweke karibu na dawa za kung'arisha matairi au vilainishi vyenye silikoni, vinaua kihisi cha gesi zinazowaka kimyakimya. Usiifute kwa spiriti. Ukitaka kupima shimo kabla ya kushuka, teremsha mpira wa pampu na uwe na subira: kama sekunde 7 kwa kila mita ya mpira, kisha dakika 2 nyingine, na upime kila hatua kwa sababu hewa ya juu na ya chini hazifanani.

Tugeukie wauzaji, maana nimewavumilia vya kutosha. Kwanza, bei. Picha ya mashine iko wazi, bei "njoo inbox". Ukifika inbox unatajiwa dola, kwa kiwango ambacho hakuna duka la kubadilisha fedha Kampala linakijua, halafu VAT ya asilimia 18 inaibuka mwishoni kama mgeni asiyealikwa. Pili, ukiomba boksi lifunguliwe usome tarehe ya kihisi, unaambiwa, "Nyabo, hii ni orijino, ukifungua umenunua." Orijino ya mwaka gani? Dukani huwa naomba iwashwe mbele yangu, ipulizwe gesi, na tarehe ya kutengenezwa iandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya mashine. Wanaokataa, wakatae na hela yangu.

Tatu ni mitungi yenyewe. Mchanganyiko wenye haidrojeni salfaidi hudumu kama miaka 2, na tarehe ya mwisho imechapwa ubavuni. Mtungi husafirishwa kama mzigo wa hatari, kwa hiyo muuzaji akishauleta hataki kuutupa, na mingine hukaa dukani mpaka inakaribia kufa. Gesi iliyochoka itafanya mashine isiyo na kasoro ionekane mbovu, au mbaya zaidi, utairekebisha mashine iliyo sawa ifuate gesi mbovu. Mtungi uliobakiza miezi 3 ulipiwe nusu bei, la sivyo mwachie mwenyewe.