TAHADHARI: Anayeuza hirizi za watoto kwa simu ni tapeli

Wazazi wenzangu, hasa wenye watoto wachanga, naomba msome hadi mwisho. Nimeandika kwa ruhusa ya mdogo wangu, ambaye bado anaona aibu.

Kuna mtu mtandaoni anajiita maalim. Ameweka picha ya mzee mwenye mvi na kanzu nyeupe, chetezo kikifuka pembeni. Anauza hirizi ya kinga ya mtoto kwa shilingi 35,000, unatumiwa kwa basi. Mdogo wangu yuko Tanga, na mwanawe wa miezi saba alikuwa halali usiku, analia huku akijishika sikio. Jirani akasema hicho ni kijicho. Pesa ikatumwa.

Pesa ikishaingia ndipo kazi inapoanza. Aliomba jina la mtoto, la mama na la bibi mzaa baba. Jioni ikaja sauti ya WhatsApp: hirizi "imekataa kufungwa", kuna mtu wa ukweni kamtupia mtoto jini, inatakiwa kafara ya mbuzi mweusi, 120,000. Akatuma. Kesho yake 85,000 za kumtuliza jini, na hizo alizitoa kwenye pesa za kikoba. Aliposema sasa hana tena, akatishwa kwamba akikatisha dawa njiani jini litamrudia mtoto kwa hasira, na asithubutu kwenda hospitali kwa sababu sindano inavunja kinga.

Hilo la hospitali ndilo lililoniumiza kuliko pesa. Mtoto alikaa na homa nyumbani siku nne! Nilipofika tulimkimbiza kituo cha afya, masikio yote mawili yakakutwa na maambukizi. Alipewa dawa ya maji, siku ya tatu akalala usiku kucha.

Hirizi ilifika, nikaifumua. Kitambaa cheusi cha kushonwa kwa cherehani, na ndani kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Marehemu babu yetu alikuwa akiandika hirizi, nimekua nikimwona: Ayatul Kursiyu, aya ya Kurani, kwa mkono wake, karatasi inakunjwa, inashonewa ngozi. Hakutaja bei, mtu alitoa alichojaliwa. Na mama akimletea mtoto mwenye homa, alimwambia aanzie kwa daktari. Najua wapo masheikh wanaokataza hirizi kabisa, na mjadala huo ni wa zamani, siuingii hapa. Lakini hata kwa anayeamini, alichouziwa mdogo wangu si hirizi.

Huyu mtu ametumia namba tatu, na kila muamala ulitoka na jina tofauti la usajili. Ukurasa wake umeshabadilishwa jina, picha ni ile ile. Kama umemtumia pesa leo, piga simu huduma kwa wateja wa mtandao wako sasa hivi, huenda hajazitoa. Usifute ujumbe wala sauti zake, utavihitaji polisi. Kwa Tanzania, tuma namba na ujumbe wa utapeli kwenda 15040. Kenya kwa wa Safaricom ni 333.

Na msidhani amemaliza. Juzi mdogo wangu kapigiwa na "afande" anayedai tapeli amekamatwa, atume 20,000 za kufungua jalada ili arudishiwe pesa zake zote. Aliniwekea simu sikioni nisikilize. Ni sauti ile ile ya maalim.