Kulanti ya "magari yote" kwenye Corolla ya zamani: uzoefu wangu, na bado nina hasira

Nianze na maneno niliyoambiwa na muuzaji wa spea nilipokwenda kununua kulanti, yale maji ya kupoza injini, kwa ajili ya Toyota Corolla yangu, maana yasingekuwa hayo wala nisingekaa kuandika. Nimemwuliza kwa upole kabisa, ndugu yangu hii kulanti ina silikati au haina, fosfeti je (hizo ni kemikali za kuzuia metali za injini zisiliwe), gari yangu ni ya Kijapani ya miaka ya tisini. Jamaa hata hakuinua macho kwenye simu yake: "Bosi, gari lenyewe zee hivyo, hata ukilitia maji ya bomba linatembea. Kulanti ni kulanti. Wewe chagua rangi tu."

Chagua rangi! Kwani nimekuja kununua pazia?

Basi nyekundu, ile iliyokuwamo kwenye gari, ilikuwa imeisha dukani, gari nimeiacha kwa fundi rejeta imeshamwagwa, nikaondoka na dumu la kijani ambalo mbele limeandikwa kwa herufi kubwa kabisa kwamba linafaa magari yote, rangi zote, miaka yote. Simtaji mtengenezaji kwa sababu sitaki kesi na mtu, ila wenye kulijua dumu hilo watalijua, lina picha ya injini inang'aa kama haijawahi kuona barabara. Nyuma ndio utamu wenyewe ulipo. Chini kabisa, karibu na mstari wa bakodi, kwa maandishi ya kusomea na tochi ya simu, wameandika kwamba haina fosfeti, na wameiandika kwa kujisifu, yaani kama vile ni jambo la heri kwa kila mtu.

Sio kwa kila mtu. Hapa ndipo hasira yangu ilipo na naomba mnivumilie. Wajapani na Wazungu wa Ulaya waligawana njia kwenye hii kitu zamani sana. Ulaya maji yao mengi ni magumu, yana kalisi, na fosfeti ikikutana na kalisi inaganda inakuwa magamba ndani ya rejeta, kwa hiyo wao wakaikimbia fosfeti wakaegemea silikati. Wajapani wao waliona silikati ikianza kujitenga na maji inatengeneza vichembe vinavyokwangua sili ya wota pampu, ile pampu inayozungusha maji kwenye injini, kwa hiyo wakaikataa silikati wakabaki na fosfeti, ambayo inaiwahi aluminiamu kuilinda haraka, halafu wakachanganya na asidi za kioganiki ambazo zinalinda polepole lakini kwa muda mrefu. Hiyo ndiyo siri ya ile nyekundu ya Toyota na ndugu zake. Corolla yangu bloku yake, yaani mwili wa injini, ni ya chuma na hedi inayokaa juu yake ni ya aluminiamu, metali mbili tofauti zinaishi kwenye maji mamoja, na ukiweka maji mabovu hapo hedi ndio inaliwa kwanza. Sasa mtu anakwambia kulanti ni kulanti.

Na hiyo rangi jamani, rangi ni rangi tu, anaitia mtengenezaji mwenyewe anavyopenda. Hakuna sheria inayosema kijani maana yake hivi na nyekundu hivi. Nissan za zamani zilitoka na kijani, baadaye bluu. Honda bluu. Mazda wana ya kwao ya kijani, ile FL22, na sio sawa na kijani za kizamani za Kimarekani zenye silikati. Volkswagen nao walikuwa na G12 nyekundu, na haina uhusiano wowote na nyekundu ya Toyota zaidi ya kufanana machoni. GM wa Marekani katikati ya miaka ya tisini wakaleta Dex-Cool ya chungwa, mtu akiiona jioni kwenye taa hafifu anaweza akaapa ni ya Toyota. Kwa hiyo ukifika dukani ukasema nipe nyekundu, umeomba rangi, hujaomba kulanti. Yule muuzaji kumbe alikuwa anawauzia watu rangi siku zote na hakuna aliyemwambia.

Haya turudi kwenye gari. Mwanzo ilitulia tu, siwezi kudanganya. Geji ya joto inakaa pale pale katikati chini kidogo, hita inapuliza moto, nikaanza hata kujiambia labda jamaa alikuwa sahihi na mimi ndio najifanya mjuaji. Miezi ikapita. Asubuhi moja nafungua boneti kuangalia oili naona kwenye pampu, pale chini yake, kuna kaukoko. Kagumu, keupe kenye ukijani, kamejitengeneza kama mstari kuanzia kwenye kile kitundu kidogo kilichopo chini ya pampu mpaka kwenye bolti. Nikakagusa kwa kucha kakapukutika, na ndani yake palikuwa na unyevu. Wasiojua, kile kitundu hakikuwekwa kwa bahati mbaya, kipo ili sili ikishachoka maji yatoke nje uyaone badala ya kuingia kwenye beringi. Ukiona ukoko hapo pampu inakuaga.

Na haikuniaga vizuri. Siku ya foleni, joto, feni inafanya kazi, nikaona geji inapanda taratibu halafu ghafla ikaamka. Nikazima AC, nikafungua hita mpaka mwisho madirisha wazi natoka jasho kama niko kwenye tanuri, nikatafuta pa kusimama pembeni. Mvuke. Harufu ile ya utamu utamu ambayo ukishainusa mara moja huisahau. Nikakaa pembeni na gari inatoa moshi mbele ya watu wote, na kichwani nasikia sauti moja tu, "gari lenyewe zee hivyo". Sijui nieleze vipi. Gari haikuniuma kama ile kauli.

(Na msifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa moto, wapo watu wameungua uso. Maji matupu yanachemka nyuzi 100, ukichanganya nusu kwa nusu na kulanti inafika kama 107, na ule mfuniko ulioandikwa 0.9 unabana presha mpaka kiwango cha kuchemka kinavuka 120. Ukifungua presha inatoka, yote yanachemka papo hapo usoni kwako. Subiri. Hata kama una haraka subiri.)

Fundi alipofungua, thamostati, ule mlango unaofunguka injini ikipata moto ili maji yapite kwenye rejeta, ilikuwa na utando wa kahawia wenye kunata, na kwenye mdomo wa mpira wa juu vilevile. Pampu akaizungusha kwa mkono ikawa inakwaruza. Nikamwambia fundi unaona, ile kulanti ya kijani imeniharibia gari, nipe hiyo pampu nikamtupie mtu mezani kwake. Akacheka akafuta mikono akasema, "Kaka, mimi siwezi kuapa. Hii pampu ina umri wake. Inawezekana ilikuwa inakufa hata ungeweka maji ya zamzam." Halafu akaniambia jambo ambalo sikutaka kulisikia, kwamba ukimwaga rejeta peke yake nyingi inabaki ndani ya bloku, kwa hiyo fundi wa kwanza alivyomwaga na kujaza, mle ndani zilikutana nyekundu ya zamani na kijani mpya, na huo utando unaweza kuwa umetoka kwenye hizo mbili kukataana, au ni uchafu wa miaka tu.

Kwa hiyo nisiwe mnafiki, siwezi kusimama hapa niseme dumu la kijani ndilo limeua pampu. Pengine limechangia, pengine limesingiziwa. Kwenye gari ya Kijerumani inayotaka hivyohivyo isiyo na fosfeti pengine ni kulanti nzuri tu, na kusema kweli hata kwangu haikugandisha wala haikula hedi, gasketi ya hedi imepona, oili haikuwa na rangi ya maziwa kwa kuingiliwa na maji. Nilivyofika hapo nikawa nimepoa kabisa, nikasema nitaandika kitu cha haki, nitasema bidhaa ni ya wastani.

Halafu nikaligeuza tena lile dumu. Magari yote. Kama inafaa magari yote kwa nini nyuma umeandika haina fosfeti wakati Wajapani karibu wote wanaiweka? Hapo ndipo nasema hapana, hii sio wastani, huu ni ulaghai wa mbele na nyuma. Mbele anaongea na muuzaji asiyesoma, nyuma anajikinga na mteja anayesoma. Kama ungeandika mbele kwamba ni ya magari ya Ulaya nisingekuwa na neno na wewe.

Nikaenda kutafuta nyekundu halisi, ile ya Toyota yenyewe, ambayo haijachanganywa. Na hapa niwaambie kitu maana nimeona wengi wanachanganya. Toyota wana nyekundu na wana ya pinki. Ya pinki ni ya magari yaliyoanza kutoka miaka ya 2000, imeshachanganywa na maji tangu kiwandani, huongezi kitu, na inakaa muda mrefu mno, kiwandani wanaihesabia kilomita 160,000 au miaka 10 kwa ile ya kwanza, halafu 80,000 au miaka 5 kwa zinazofuata. Nyekundu ni ya zamani, ni nzito, unachanganya mwenyewe, na kila baada ya miaka miwili hivi unaibadilisha. Watu wanaona pinki inakaa miaka wanaikimbilia. Inafaa pia kwenye gari la zamani, sikatai. Lakini kama umesuuza mfumo kwa maji, yale maji yanayobaki kwenye bloku huyatoi yote, ukimimina pinki iliyokwisha kuchanganywa juu yake inakuwa nyepesi, imepoteza nguvu kabla hujatoka kwa fundi. Nyekundu nzito inakusaidia hapo, unaangalia kwenye kitabu mfumo wako wote unachukua lita ngapi, unatia nusu ya hizo kulanti tupu kwanza, halafu unamalizia na maji safi, na yale yaliyobaki ndani yanahesabika kama sehemu ya maji yako. Nashangaa hili halisemwi.

Maji safi ninamaanisha yale ya kuongezea kwenye betri, yasiyo na chumvi. Sio asidi ya betri! Niliwahi kuona mtu amebeba chupa ya asidi anaelekea kwenye rejeta. Na ya bomba usitie kwenye nyekundu hasa, kwa sababu ndiyo yenye fosfeti, na fosfeti na maji magumu nimeshaeleza wanavyofanyana. Kwa hiyo yule bwana na "maji ya bomba" yake alikuwa amenipa ushauri mbaya kuliko yote kwa gari ya aina yangu, na aliutoa kwa kujiamini.

Kusuuza kulichosha. Fundi alifungua koki ya rejeta na bolti ya bloku, ile ambayo wengi hawaigusi kwa sababu imejificha na ina kutu, akajaza maji, hita kwenye moto wa mwisho, injini ikanguruma mpaka thamostati ikafunguka, akamwaga, akarudia, akarudia tena, mpaka yakatoka meupe. Mwanzo yalitoka kijani, halafu rangi ya kutu, halafu kuna vipande vidogo kama maganda vilibaki kwenye beseni. Pampu mpya, thamostati mpya, mfuniko mpya maana wa zamani mpira wake ulikuwa umepasuka. Kutoa hewa kulichukua muda, rejeta wazi, unabinya mpira wa juu mapovu yanatoka blup blup, unaongeza kidogo.

Sasa gari iko sawa. Je ni kulanti nyekundu au ni pampu mpya? Ukinibana nitasema pampu. Usiponibana nitasema nyekundu, na mtu yeyote mwenye Toyota, Nissan, Honda au Mazda ya umri huo nitamwambia hivyohivyo, tafuta iliyoandikwa ina fosfeti na haina silikati, soma nyuma ya dumu, na rangi iangalie mwisho kabisa.

Dumu la kijani nililipa alama mbili kati ya tano nilivyokuwa nimepoa. Nikalishusha moja. Muuzaji simpi hata hiyo, mtu anakuuliza swali la maana kuhusu gari lake wewe unamtukania gari, hata kama ni zee, limemzeekea yeye sio wewe. Ungesema tu "sijui" ningekuheshimu mpaka leo.

Limebaki zaidi ya nusu. Kama kuna mwenye gari la Ulaya ambalo kitabu chake kinataka kulanti isiyo na fosfeti aje alichukue bure, mfuniko nimeukaza na nimeliweka juu kabisa ya kabati, kwa sababu ile kitu ni tamu na ni sumu, mbwa na watoto wanaipenda, na ile iliyotoka kwenye beseni nayo sikuimwaga chini, iko kwenye galoni imeandikwa kwa kalamu nyekundu.