Mofini ya Maji ya Hospice Africa Uganda: Tathmini ya Huduma

Mgonjwa wa saratani akisema "bora nife," kabla ya kujadili haki yake ya kusaidiwa kufa, aulizwe kwanza kama maumivu yake yametibiwa. Anayeomba kifo huku anagaagaa kwa maumivu hajapewa nafasi ya kuchagua. Ndiyo maana tunaithamini sana huduma ya mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, inayotolewa na Hospice Africa Uganda, shirika lililoanzishwa Kampala mwaka 1993 na daktari Anne Merriman.

Dawa yenyewe si ya mambo mengi: unga wa mofini, maji, kihifadhi na rangi. Ya kijani ina miligramu 5 katika kila mililita 5; iliyo kali zaidi hupewa rangi nyingine, ili chupa zisichanganywe nyumbani. Mgonjwa halipii. Tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, wanaruhusiwa kumwandikia mgonjwa dawa hii, na bila hilo vijiji visivyo na daktari visingeipata kabisa.

Hunywewa kila baada ya saa 4, maumivu yawepo yasiwepo, na dozi ya kulalia huwa maradufu ili mgonjwa asikurupuke usiku wa manane. Hapa ndipo familia nyingi zinapokosea. Husubiri mpaka mgonjwa aanze kulia, dozi ileile haimtoshi tena, kisha husema dawa haifanyi kazi. Kosa jingine ni kusahau dawa ya kulainisha choo. Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache, lakini kufunga choo hakuzoeleki, na wapo wanaoiacha mofini kwa sababu hiyo tu.

Wengine humnyima mgonjwa wakiamini ndiyo inayoua. Sivyo: ikianzishwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu kwa kufuata maumivu, haifupishi maisha. Inayolengwa ni maumivu yaondoke, mtu abaki.

Hata hivyo, haimalizi kila kitu. Huko Oregon, Marekani, ambako sheria iliyoanza kutumika 1997 inamruhusu daktari kumwandikia dawa ya kufa mgonjwa aliyebakiza miezi 6 au pungufu, wengi wanaoiomba hutaja kupoteza uwezo wa kujiamulia kuliko maumivu. Kwa hiyo chupa bila mtu wa kuketi na mgonjwa na kumsikiliza ni nusu ya huduma, na ziara za nyumbani ndizo tunazozisifia zaidi hapa.

Anayeishi mbali na vituo vya Kampala, Mbarara na Hoima aulize kwanza hospitali iliyo karibu kama ina muuguzi mwenye ruhusa ya kuandika mofini, maana si kila hospitali inaye.