Zulia la sufu na nondo: nini cha kununua Lubumbashi, nini cha kuacha sokoni

Kabla hujatoa hata falanga moja kupambana na nondo, wale wadudu wanaoharibu sufu, hakikisha zulia lako ni la sufu kweli. Mazulia mengi yanayouzwa mjini kwetu siku hizi ni ya plastiki, na plastiki si chakula cha nondo. Vuta uzi mmoja upande wa chini, ushike kwa kibanio, uuchome kwa kiberiti mbali na zulia. Sufu inanuka kama nywele zilizoungua, moto wake unazimika wenyewe, na majivu yanasagika ukiyagusa. Plastiki inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Ukiona kidonge, weka pesa yako mfukoni.

Langu ni la sufu. Nililirithi kwa mama mkubwa wa Katuba, nikalitandika sebuleni, nikaweka kochi juu ya ukingo mmoja, na kwa miaka mitatu sikulisogeza kochi lile. Siku nilipolisogeza na kupitisha mkono, manyoya yalitoka kwa mafungu. Zilibaki nyuzi za pamba za msingi tu, wazi kama wavu. Pembeni kulikuwa na vijifuko vyeupe mfano wa punje za mchele, na chengachenga nyekundu nilizodhani ni vumbi letu la kiangazi. Kumbe ni kinyesi cha viwavi, ambacho hufuata rangi ya sufu waliyokula. Pale katikati tunapokanyaga kila siku hapakuwa na doa.

Hapo ndipo nilipoelewa adui ni nani. Yule nondo mdogo wa rangi ya majani makavu hali kitu; anayekula ni kiwavi wake. Jike mmoja hutaga mayai 40 hadi 50, na viwavi wanapenda giza, utulivu na uchafu: jasho, mafuta, chai iliyomwagika, mkojo wa mtoto. Kwa hiyo nimepanga vitu vya kununua kwa swali moja: je, kinamfikia kiwavi na yai?

Nafasi ya kwanza naipa aspirateri, mashine ya kuvuta vumbi, yenye mdomo mwembamba. Usibabaishwe na ukubwa wa mashine. Uliza kama ule mdomo wa kuingia pembeni umo ndani ya katoni, na kama mifuko yake ya vumbi inapatikana hapa mjini, maana mashine isiyo na mifuko inaishia stoo. Pitisha juu na chini ya zulia, hasa chini ya makochi na kando ya ukuta, kila wiki, kisha mfuko utoke nje ya nyumba siku hiyohiyo. Kama umeme wenu ni wa kubahatisha, nunua burashi ya nywele ngumu na fimbo ya kupigia. Toka Mei hadi Septemba mvua hakuna: tundika zulia ukutani, lipige mgongoni, lipige burashi pande zote. Mayai yanang'oka, viwavi wanakimbia mwanga. Saa moja au mbili kila upande zinatosha, jua likizidi linafifisha rangi. Burashi na fimbo vimenifanyia kazi kuliko dawa zote nilizowahi kununua.

Ya pili ni nailoni nene, utepe mpana wa gundi, na nafasi ndani ya friza. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili inaua kiwavi na yai. Lakini friza inayozimika kila jioni haihesabiki, na zulia la sebule haliingii kwenye friza ya nyumbani. Mimi nilikwenda kwa mama mmoja mwenye depo ya samaki, mwenye jenereta, nikamwomba kona. Akaniangalia. «Dada, kati ya tomsoni zangu?» Tulikubaliana bei. Nililikunja kwa kuliviringisha, likiwa kavu kabisa, nikalifunga nailoni mara mbili, nikaziba kila mwanya. Lilipotoka sikulifungua mpaka kesho yake, ili umande ubaki juu ya nailoni usiingie kwenye sufu. Harufu ya samaki haikupita. Nailoni hiyohiyo inafaa kuhifadhia, ila usifunge zulia lenye unyevu wakati wa masika, litaota ukungu.

Ya tatu ni dawa ya kupuliza yenye pareto au permetrini. Pareto, linalotokana na maua, linavunjika haraka kwenye mwanga. Permetrini, ya kiwandani, inakaa zaidi. Jaribu kwanza kwenye pembe uone kama rangi inatoka, puliza pande zote mbili, fungua madirisha, watoto wasirudi mpaka pakauke. Permetrini inaua paka na samaki wa kufuga, tena haraka. Na chupa isiyo na karatasi ya maelezo, ile ya dawa ya shambani inayogawanywa kwenye chupa za maji, usiinunue hata wakikupa bure.

Mitego ya gundi yenye harufu ya jike ni ya nne. Inanasa madume tu, kwa hiyo haimalizi tatizo, ila inakuonyesha kama wapo. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Afrika Kusini, mwagize. Taa ya kuua wadudu usinunue kwa kazi hii: nondo huyu anakwepa mwanga.

Mwerezi, lavenda, majani ya tumbaku: vinanukia vizuri. Kiwavi aliyekwisha kuingia haondoki kwa sababu hiyo.

Ya mwisho kabisa ni naftalini, vile vidonge vyeupe vinavyouzwa kila soko. «Mama, hii inaua byote,» aliniambia muuzaji. Inaua kweli, mvuke wake ukijaa ndani ya kitu kilichofungwa. Chini ya zulia sebuleni mvuke unapotea hewani, na hewa hiyo mnaivuta ninyi. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa matumizi hayo mwaka 2008. Kwetu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu watu wengi wa nchi zenye malaria wamerithi upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Mtoto mchanga mwenye hali hiyo akivuta au kugusa naftalini, chembe nyekundu za damu zinapasuka, anakuwa wa manjano, na manjano hiyo inaweza kufika kwenye ubongo. Na mtoto anayetambaa anaiona kama bonboni. Kama tayari unayo kabatini, itoe leo. Mablanketi na nguo zilizokaa nayo zifuliwe na zianikwe nje siku kadhaa kabla hazijamgusa mtoto. Na kichanga wa nyumba akigeuka manjano au mkojo wake ukiwa mweusi kama koka, mkimbize hospitali, na umwambie daktari kwamba kulikuwa na naftalini.