Singe "ya Mjerumani, 1907" na cheti chake: huduma ya uhakiki niliyolipia Mwanza

Nianze na cheti, maana ndicho kilichonipandisha presha. Karatasi nene, muhuri wa bluu, na maandishi: "Singe halisi ya Mjerumani, imetengenezwa 1907." Duka ni la vitu vya kale, hapa hapa Mwanza mjini, na uhakiki unalipiwa kando. Nimelipa. Neno la kweli kwenye cheti kizima ni "halisi" tu.

Shika singe yenyewe. Pale bamba linapokutana na mpini, upande mmoja kuna taji, chini yake GR, halafu 1907, kisha 7 18 kwa tarakimu ndogo na jina la kiwanda, Sanderson. GR ni George V, aliyerithi ufalme wa Uingereza mwaka 1910. Mwaka 1907 mfalme alikuwa Edward VII, na herufi zake ni ER. Sasa fundi wa 1907 alimjuaje mfalme ajaye? Hiyo 1907 ni mwaka wa muundo ulioidhinishwa kwa ajili ya Lee-Enfield fupi, bunduki ya askari wa Mwingereza, na iligongwa hata kwenye singe zilizotoka kiwandani miaka kumi baadaye. Tarehe ya kutengenezwa ni ile ndogo: mwezi kwanza, mwaka baadaye. 7 18 ni Julai 1918. Waingereza waliitwaa Mwanza Julai 1916, kwa hiyo na ile hadithi ya dukani kwamba "ilipigana hapa hapa" imekwisha.

Kichwa cha mpini kina tundu dogo la kutolea uchafu, lililoanza 1916, na kikingio, kile chuma cha kukingama kati ya mpini na bamba, hakina ile kulabu iliyoondolewa 1913. Hayo peke yake si ushahidi, kwa sababu singe nyingi za mwanzo zilirudishwa karakana zikakatwa kulabu na kutobolewa. Angalia kama kikingio kina kovu la kukatwa. Hii haina kovu, yaani ilitoka kiwandani bila kulabu.

Na Mjerumani katokea wapi? Singe ya jeshi la Prussia, dola kubwa ndani ya Ujerumani ya wakati ule, utaisoma kwenye mgongo wa bamba: taji, W, na tarakimu mbili za mwaka. Askari wengi wa Mjerumani huku walianza vita na bunduki ya Mauser 71, ya risasi moja moja na moshi mzito, ambayo singe yake ina mpini wa shaba. Hii ina mbao mbili zilizofungwa kwa skrubu. Lakini ukanda huu wa ziwa kila chuma chenye kutu ni cha Mjerumani.

Nilimweleza mhakiki hayo taratibu. Hata kuinamisha shingo hakuinamisha. "Mzee wangu, mwaka si huo umeandikwa? Au miwani imechoka?" Wateja wakacheka. Nikaomba lenzi. Hawana! Duka linalotoza watu pesa kwa uhakiki halina lenzi ya kuazima.

Kejeli ningeimeza. Msasa, hapana. Kabla ya kunikabidhi waliisugua bamba lote ili "ipendeze", bila kuuliza. Upande wa pili palikuwa na mshale wa serikali ya Uingereza, X ya jaribio la kupinda, na vitaji vidogo vya wakaguzi. Mshale sasa ni kivuli, vitaji viwili vimefutika kabisa. Mnajua hasara yake? Chapa iliyogongwa huinua chuma kidogo kandokando ya herufi, na ndani hubaki weusi wa miaka. Ya kughushi, iliyochongwa juzi, haina ukingo huo na chini inang'aa. Msasa unaondoa ukingo pamoja na weusi, na kitu halisi kinaanza kufanana na cha kughushi. Ilitosha tone la mafuta ya cherehani, kitambaa cha pamba na subira ya usiku mmoja. Herufi hafifu zinasomeka kwa tochi ya simu ikimulika kutoka ubavuni, au kwa karatasi nyembamba na penseli.

Nilikuwa nimeandika "msiende kabisa". Nimefuta. Singe ni nzima, bamba limenyooka, kitufe kinarudi chenyewe, na ala yake ya ngozi haijafumuka hata mshono mmoja, jambo ambalo kwa unyevu wa hapa ni nadra. (Bamba lisilale ndani ya ala, ngozi hushika unyevu na kutu huanzia humo.) Bei nayo, hata kwa ya Mwingereza, haikuwa ya kuonea. Kwa hiyo nendeni, nunueni, cheti mwachieni mwenyewe.

Ila sasa nasikia wanapokea hata bunduki za urithi za wenye leseni "kuzisafisha na kuzihakiki". Hapo narudi kwenye hasira yangu. Lee-Enfield fupi inasomwa kwenye pete ya chuma nyuma ya kifyatulio, upande wa kulia: taji, GR, kiwanda, mwaka, Sht. L.E. (kifupi cha Lee-Enfield fupi) III au III yenye nyota. Ukikuta VR, herufi za Malkia Victoria, pamoja na mwaka wa 1915, au N iliyogeuzwa, hiyo ni ya kughushi ya mafundi wa mpakani Pakistan, maana Victoria alifariki 1901. Ukikuta "No. 1 Mk III", maandishi hayo ni ya 1926 au baadaye, bila kujali muuzaji anaapa nini. Yote hayo yako kwenye eneo dogo kuliko kiganja cha mtoto, na msasa wa dakika mbili unayamaliza. Nyota mbili kati ya tano, moja ya ala. Uhakiki wenyewe sifuri, na ada yake bado naidai.