Tangi la samaki ukiwa unakaa ghorofani Mtwara: saizi ipi uchukue na ipi uachane nayo

Watu wengi wakitaka tangi la samaki wanaanza na samaki. Ameona video mahali, kapenda, anaenda kwa fundi vioo anamwambia nitengenezee la kawaida tu mkuu, basi fundi anakata kioo kulingana na vipande alivyonavyo dukani. Kwa anayekaa nyumba ya chini hapo hakuna shida sana. Ila kama umepanga ghorofa ya pili au ya tatu, iwe Shangani, iwe Ligula, iwe hata Lindi mjini, saizi ndo kitu cha kwanza kuamua, na sababu yenyewe sio ile unayoidhania. Kila mtu anauliza zege litahimili? Swali zuri na nitalijibu, lakini kwa huku kwetu kinachokuamulia saizi kabla ya zege ni ile ndoo ya lita 20 na ngazi zako.

Iko hivi. Tangi la samaki halijazwi mara moja likaachwa, kila wiki unatoa kama robo ya maji unaweka mapya, kwa sababu kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki vinageuka amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, na filta (kile kichujio cha maji cha umeme) haimalizi kila kitu. Sasa kama maji ya bomba yanapanda mpaka juu kwako kila siku, hongera, piga mpira moja kwa moja. Ila wengi tunajua presha ikishuka ghorofani hapafiki kitu, simtanki likiisha inabidi uchote chini, na hapo robo ya tangi la lita 240 ni lita 60, yaani ndoo tatu kupanda nazo kila wiki, mwaka mzima, mvua jua. Wiki mbili za kwanza utapanda nazo unaimba. Baadae utaanza kuruka wiki, maji yanakuwa ya njano, samaki wanakufa mmoja mmoja halafu unasema samaki wa urembo wagumu kufuga, kumbe sio wagumu, ni ngazi.

Haya, zege. Lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo haina mjadala. Juu yake weka kioo (kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa mita moja ya mraba), mawe, stendi. Sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida wahandisi wanazipigia hesabu ya mzigo wa kilo 150 mpaka 200 kwa kila mita ya mraba, ambayo ni hesabu ya chumba kizima na ina nafasi ya usalama ndani yake, kwa hiyo tangi dogo au la kati kwenye slabu ya zege iliyomwagwa vizuri halina neno. Shida inaanza kwenye makubwa, kwa sababu mzigo wote unakaa sehemu moja usiku na mchana na hauondoki kama wageni wanavyoondoka. Na tatizo lingine hujui mwenye nyumba alibana nondo kiasi gani. Kwa hiyo tangi likae ukutani, ukuta wenye bimu chini yake au karibu na nguzo, kamwe sio katikati ya sebule, na balkoni ile inayoning'inia nje sahau kabisa hata kama mandhari ya bahari ni mazuri kiasi gani. Kuna mtu atakuja na hoja ya mbona simtanki la lita 1000 liko juu ya paa, lile mara nyingi limejengewa mnara wake au limekaa juu ya makutano ya kuta, halipo katikati ya dari la chumba cha mtu.

Sasa tupange.

Namba moja kwangu ni la sentimita 60 kwa 30 kwa kimo 36. Hesabu inakupa lita 65 likijaa mpaka juu, kiuhalisia utaweka 58 hivi. Kwa kioo cha milimita 6, mawe kiasi na stendi nyepesi, jumla inakuja kilo 95 mpaka 100, uzito ambao popote ukutani unakaa. Kubadilisha maji kwa wiki ni lita 15, ndoo moja isiyojaa, mtoto wa sekondari anapandisha. Na bado lina maji ya kutosha yasichafuke ghafla ukizidisha chakula siku moja. Linapita mlangoni, linapita kwenye kona ya ngazi na mtu mmoja akilikumbatia, jambo ambalo watu hawalipimi mpaka wafike kwenye kona yenyewe. Humo unaweka samaki wadogo wa urembo kama gapi, plati, ama moli wachache, na konokono kama unapenda. Filta ya wati 5 mpaka 8 inatosha, na ya wati 8 ikiwaka saa 24 mwezi mzima inakula kama yuniti 6 za LUKU, sio kitu cha kugombania na mke.

Namba mbili, la 80 kwa 35 kwa 40, lita 112. Kusema kweli kwa samaki hili ndo zuri zaidi, maji mengi yanatulia zaidi, joto halipandi haraka, na kosa dogo linasamehewa. Kama maji yanapanda kwako bila shida lichukue hili uliweke namba moja, sitabishana na wewe. Jumla yake inagonga kilo 165 hivi, robo ya maji ni ndoo moja na nusu. Hapa ndo uanze kuwa mkali na fundi kuhusu stendi, chuma cha bomba la mraba kilichochomelewa, na miguu isisimame peke yake juu ya marumaru, weka ubao mpana chini yake mzigo utawanyike maana marumaru zilizopigwa na uwazi chini zinapasuka kwenye ncha ya mguu. Pima na pimamaji kabla ya kujaza. Tangi likiinama upande mmoja gundi ndo inabeba adhabu.

Namba tatu ni yale madogo ya 45 kwa 30 kwa 30, lita 40. Ni rahisi na ni mepesi, kwa chumba kimoja ni sawa, ila usidanganyike kwamba dogo ndo rahisi kutunza. Kinyume chake. Maji machache yanachafuka haraka, na Desemba na Januari kwenye fleti yenye dirisha la magharibi yanapata moto hasa, na maji yakipata moto hewa ndani yake inapungua, utaona samaki wote wako juu wanahema. Samaki aina ya beta mmoja, au gapi wanne watano. Basi. Usibanane.

Namba nne, la mita moja na sentimita 20, yaani 120 kwa 40 kwa 50, lita 240. Hili ndo wanalotaka wengi msimu wa korosho ukilipa. Chukua kalamu: maji kama kilo 225, kioo cha milimita 10 kilo 52, mawe 35, stendi ya maana 40. Ni kama kilo 350, gunia tatu na nusu za mchele za kilo mia zimepangwa kwenye eneo lisilofika nusu ya mita ya mraba. Ghorofani mimi silishauri mpaka mhandisi au fundi mkuu aliyejenga aseme bimu iko wapi na mwenye nyumba akubali, tena kwa maandishi, kwa sababu siku likipasuka jirani wa chini hatakusalimia tena. Halafu kulipandisha kunataka vijana wanne na ngazi pana. Watu wanaolihitaji kikweli ni wale wa mbuna, wale samaki wa rangi wa mawe ya Ziwa Nyasa, ambao wanatoka mwisho wa barabara yetu hii hii kule Mbamba Bay, ni wagomvi, wanataka nafasi na mapango ya mawe, kwenye tangi dogo wanauana. Ukitaka mbuna tafuta nyumba ya chini.

Ya mwisho kabisa, bakuli la duara la goldifishi. Usinunue. Goldifishi ni samaki wa maji ya baridi na anakua mpaka urefu wa kiganja na kuzidi, sasa umuweke kwenye lita 8 bila filta kwa joto la Mtwara, unategemea nini? Wanauza kwa sababu ni bei rahisi na watoto wanalia dukani.

Kuhusu maji ya huku, kuna jambo ambalo kwetu ni faida. Maji ya visima sehemu nyingi za ukanda wetu ni magumu, yale yanayoacha magamba meupe kwenye birika, na gapi, plati na moli wanayapenda hayo hayo, kwa hiyo usipoteze hela kununua dawa za kulainisha. Kama kisima chako kina chumvi ya kuonja ulimini hiyo ni ishu nyingine, moli anavumilia kuliko wengine. Maji ya bomba yenye klorini yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima kabla hujayamwaga tangini. Ya mvua peke yake hayana madini, changanya nusu kwa nusu na ya kisima. Mchanga wa ufukweni usiweke, una chumvi na vipande vya magamba ya kombe, tafuta wa mtoni uoshe mpaka maji yatoke meupe. Hita ya kupasha maji hauhitaji, hata kusi likivuma Julai usiku ndani ya nyumba hakupoi kiasi hicho. Hela ya hita nunulia pampu ndogo ya hewa ya betri, umeme ukikatika usiku ndo itakayookoa samaki. Na tangi lisikae kwenye jua la dirishani, ndani ya wiki kioo kimekuwa kijani.

Najua kuna watakaosema mbona bahari iko hapo, nikavue samaki wa matumbawe niweke ndani. Tangi la maji chumvi linataka kipimo cha chumvi, filta ya nguvu na maji mengi, kwa ghorofani ni mateso juu ya mateso. Na upande wa Msimbati na Ruvula ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ilitangazwa tangu mwaka 2000, huchukui viumbe mle kienyeji tu.

Mwisho fundi. Kuagiza tangi Dar lije kwa basi inawezekana ila zaidi ya kilomita 500 kioo kikiwa chini ya mizigo ya watu, mimi bora nimlipe fundi aluminiamu wa hapa hapa. Mwambie silikoni iwe ya matangi ya samaki, ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, kwa sababu ya bafuni ina dawa hiyo na inaua samaki. Tazama maungio ukiwa umeinama usawa wa kioo na taa ya simu nyuma yake: gundi inatakiwa ionekane nyeusi au ang'avu moja kwa moja bila vitone vya hewa, ukiona vitone vimejipanga mstari hapo ndo maji yatapita. Kingo za kioo zisuguliwe, zisikate mkono. Chini ya tangi weka lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye boksi la TV, kipande bapa, kinameza vijiwe na mabonde madogo ya stendi. Tangi likishaungwa liache silikoni ikauke mpaka harufu ya siki iishe yote, wiki moja sio nyingi, halafu kabla hujamalizia hela iliyobaki lijazwe pale pale dukani kwake, chini, lilale na maji mpaka kesho yake. Weka gazeti kavu kuzunguka kitako. Asubuhi pitisha mkono kwenye gazeti, kama limelowa hata kona moja arudie kazi, na usikubali akupake silikoni juu juu kwa nje.