Shamba darasa la msimu mzima: nilichopata na kilichopungua

Tangu nimalize msimu kwenye shamba darasa, wakulima wenzangu wananiuliza kama kweli lina faida au ni vikao tu. Lina faida, tena kubwa, lakini usijiunge ukitegemea kugawiwa mbegu na mbolea. Letu halikugawa kitu. Tulikuwa na kipande cha shamba cha kujifunzia, mwezeshaji anayeijua kazi yake, na siku moja ya darasa kila wiki kuanzia kuandaa shamba hadi kuvuna.

Siku ya darasa hakuna hotuba. Mnagawanyika vikundi, mnaingia shambani mapema, na kila kikundi kinachagua mimea michache ya kuikagua shina hadi ncha: urefu, rangi ya majani, wadudu wa juu na wa chini ya jani, unyevu wa udongo. Baadaye mnakaa na karatasi kubwa, mnachora mmea katikati, wadudu waharibifu upande mmoja na wadudu marafiki upande wa pili. Kisha kila kikundi kinasimama na kutetea uamuzi wake. Tupalilie? Tupulize dawa? Tuache kwanza? Ukimwuliza mwezeshaji mdudu fulani ni wa aina gani, naye anakuuliza umemkuta wapi na alikuwa anakula nini. Mwanzoni inachosha, kwa kuwa umekuja kutafuta majibu. Lakini baada ya wiki kadhaa unajikuta shambani kwako unauliza maswali hayohayo bila mtu kukusukuma.

Nitoe mfano wa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea. Walijaa kwenye maharage ya majaribio, na katikati yao tukaona wadudu wengine, warefu kidogo, weusi, wenye madoa ya rangi ya machungwa na sura ya kutisha. Waliotaka dawa walikuwa wengi. Mwezeshaji akasema tuchukue wachache kati ya hao weusi, tuwaweke kwenye chupa pamoja na jani lenye vidukari, tufunge mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi. Siku ya darasa iliyofuata jani lilikuwa safi. Wale weusi ni watoto wa mbawakawa wadogo wekundu wenye madoa meusi, na chakula chao ni vidukari. Dawa inayoua kila kitu ingewamaliza wao pia, halafu vidukari, ambao huzaana haraka mno, wangerudi shamba likiwa halina mlinzi.

Mbinu yenyewe ya shamba darasa ilitokana na tatizo kama hilo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, waliianzisha Indonesia mwaka 1989 kwenye mashamba ya mpunga, ambako upuliziaji wa dawa ulikuwa umeua wadudu marafiki na kumwachia nafasi mdudu wa kahawia anayefyonza utomvu wa mpunga. Mwaka 1986 serikali ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kupiga marufuku aina 57 za dawa za wadudu kwenye zao hilo. Kwa hiyo ukiona mwezeshaji anang'ang'ania mhesabu wadudu kabla ya kugusa bomba la dawa, mvumilie.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kifaa cha umbo la A cha kupimia kontua, yaani mstari wa usawa unaokatiza mteremko. Shamba langu liko mteremkoni na kila mvua kubwa ilikuwa inaondoka na udongo wa juu. Kifaa chenyewe hakihitaji fundi: miti miwili iliyonyooka ya kama mita 2, inafungwa pamoja juu, mti wa tatu mfupi unakatiza katikati, na kutoka kileleni inaning'inia kamba yenye jiwe. Unasimamisha miguu ya kifaa mahali pawili, unaweka alama pale kamba inapogusa mti wa katikati, unageuza kifaa ili miguu ibadilishane mahali, unaweka alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo unatembea nacho kukatiza mteremko, mguu mmoja ukibaki kama egemeo, na kila kamba inapotulia kwenye alama ya usawa unachomeka kijiti. Nilichimba makinga maji kwa kufuata vijiti hivyo na kupanda majani ya mifugo kwenye matuta yake. Sasa mvua inanyesha na maji yanazama palepale, na majani nakata nalisha.

Kwenye mboji tulipita haraka, ingawa kipimo cha fimbo nakitumia hadi leo: unaichomeka katikati ya rundo, unaiacha kwa muda, unaichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto na yenye unyevu, rundo linafanya kazi. Ikitoka kavu, ongeza maji. Ikitoka ya baridi, geuza.

Sasa mapungufu. Hesabu za fedha hazikufundishwa vya kutosha. Tulijua kipande kipi kimezaa zaidi, lakini nguvu kazi iliyotumika hatukuiandika vizuri, na kwa mkulima mdogo hilo ni jambo zito, maana kugeuza mboji na kuchimba makinga maji kunakula siku. Kubwa zaidi ni kwamba baada ya mavuno ufuatiliaji ulikatika. Tuliahidiwa kutembelewa mashambani kwetu msimu uliofuata, na hakuja mtu. Wanakikundi kadhaa walioanza makinga maji waliachia njiani, wakati ziara moja tu ingewapa moyo. Liliniuma, kwa sababu walikuwa watu wenye bidii.

Kwa mwenye shamba dogo anayeweza kujitoa siku moja kila wiki bila kukosa, napendekeza ajiunge. Anayeweza kuhudhuria mara mojamoja tu atapata shida, kwani uamuzi wa wiki hii unategemea mlichokiona wiki iliyopita. Na kabla ya kujiandikisha, waulize waandaaji mambo mawili: nani atakuja shambani kwako baada ya mavuno, na daftari la gharama litaandikwa kuanzia siku ya kwanza? Sisi tuliobaki tumeanza kutembeleana wenyewe kwa zamu, na kifaa cha A tunaazimana.